Namna ya kumsaidia mtoto wa chini ya miaka mitatu kucheza na wenzake

Maswali ni yaleyale, na kila mzazi mpya huja nayo. Mwanangu ana mwaka na nusu, mbona hataki kumpa mwenzake kitu? Mbona anauma? Huyu wa miezi minane ana haja gani na watoto wengine? Ana miaka miwili, anakaa karibu na mtoto wa jirani lakini kila mmoja na lake, je, ana tatizo? Nimeona heri niandike majibu mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mama, baba, bibi au dada wa kazi anaweza kuufuata kuanzia kesho asubuhi.

Mwongozo huu ni wa watoto wa miezi sita hadi miaka mitatu. Nimemfikiria zaidi mtu anayeishi nyumba ya kupanga au mtaa wenye watoto wa rika moja, maana ndiko wengi wetu tuliko. Huhitaji kituo cha kulipia wala midoli ya dukani.

Jambo moja lishike tangu mwanzo. Mtoto mdogo hajifunzi kuishi na wenzake kwa kuambiwa "mpe, mpe, usiwe mchoyo". Anajifunza kwa kukutana na watoto walewale, mmoja au wawili, mara kwa mara, kwa muda mfupi, na mtu mzima akiwa ameketi chini karibu yao. Hatua zote zilizo hapa zimejengwa juu ya hilo.

Utegemee nini kwa umri gani

Watu wazima wengi hugombana na mtoto kwa kumdai jambo ambalo umri wake haujalifikia. Kwa hiyo soma sehemu hii kwanza, ni fupi.

Miezi 6 hadi 9: anamtazama mwenzake kwa muda mrefu, anamtolea sauti, ananyoosha mkono na kumshika uso au nywele. Hana ubaya, anachunguza.

Miezi 9 hadi 12: anaanza kuiga. Mmoja akipiga makofi, mwingine naye. Anatoa kitu na kukitaka tena papo hapo.

Mwaka 1 hadi 2: hapa ndipo pana kazi. Anafuata wenzake, anacheka nao, anakimbizana nao, na ananyang'anya. Kusubiri kwake ni kwa sekunde chache tu. Karibu na miaka miwili huanza kusema "changu" kwa kila kitu, hata kisicho chake. Hiyo ni dalili kwamba ameanza kujitambua kuwa ni mtu wake mwenyewe, mwenye vitu vyake. Uchoyo haujaingia hapo.

Miaka 2 hadi 3: wanacheza ubavu kwa ubavu, kila mmoja na kopo lake, huku wakitupiana macho. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani Mildred Parten aliyaeleza haya baada ya kuwatazama watoto wadogo wakicheza: wapo wanaocheza peke yao, wapo wanaotazama tu, wapo wanaocheza sambamba, na wakubwa kidogo ndio wanaoshirikiana kwenye mchezo mmoja wenye kugawana kazi. Mtoto wa miaka miwili anayecheza sambamba yuko mahali pake. Muache.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Mwenzake mmoja, wasizidi wawili. Wakipishana miezi kadhaa haidhuru.
- Mkeka au jamvi, kivulini, mahali ambapo wapitaji hawatawakanyaga.
- Vitu vya kuchezea viwili viwili vya aina moja: vikombe viwili vya plastiki, mifuniko miwili ya sufuria, miko miwili, magunzi, makopo, mpira wa soksi zilizokunjwa. Uwili huo ni wa lazima. Mdoli mmoja mzuri kati ya watoto wawili ni ugomvi ulioandaliwa na mtu mzima.
- Usalama. Ondoa kila kitu kidogo kinachoweza kupita kwenye kile kikopo cha katikati ya karatasi ya chooni: karanga, mbegu za ubuyu, shanga, sarafu, vizibo vya soda. Betri bapa za mviringo za rimoti na saa ni hatari kuliko vyote; ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, na mtoto apelekwe hospitali mara moja. Mwaga maji yaliyo kwenye ndoo na mabeseni. Jiko la mkaa likae mbali.
- Afya. Mwenye homa, kuhara, vipele au macho mekundu asubiri siku nyingine. Angalia kadi ya kliniki pia. Kwa Tanzania chanjo ya surua na rubella hutolewa miezi 9 na miezi 18.
- Saa nzuri. Baada ya kulala na kula. Mtoto mwenye njaa au usingizi hafundishiki.
- Mtu mzima mmoja ambaye simu yake iko ndani.

Hatua kwa hatua

1. Anza wewe na yeye. Mwenzake wa kwanza wa kucheza naye ni wewe. Jifunike uso kwa kanga, jifunue, subiri acheke, rudia. Viringisha mpira kwake ukisema "zamu yako", nyoosha mikono ukisema "zamu yangu". Fanya hivi kwa dakika chache kila siku, wiki moja au mbili. Mtoto aliyezoea kutoa na kupokea na mtu anayemwamini huwa na pa kuanzia akikutana na mwenzake. Kwa wa miezi sita, kumwangalia machoni na kumjibu kila anapotoa sauti kunatosha.

2. Elewana na mzazi mwenzako mapema. Hatua hii huwa inarukwa, na ndiyo inayovunja mengi. Kwenye nyumba za kupanga, watoto wakiumana saa nne, saa sita mama zao hawasalimiani. Kaeni kabla, mkubaliane mambo matatu. Hakuna atakayempiga mtoto wa mwenzie wala wake mbele ya wenzake. Mtoto akiuma au kupiga, aliye karibu ndiye atakayeshughulika, na mtafanya kwa namna moja (soma hatua ya 7). Kinachotokea mkekani kinaishia mkekani, hakipelekwi bombani kwenda kusimuliwa. Mwambie kabisa: "Mama mwenzangu, hawa wataumizana siku moja, tujiandae." Ikitokea, hakuna atakayeona kuwa mwanawe ameonewa.

3. Siku ya kwanza iwe fupi. Dakika 20 zinatosha, kwa wachanga hata 10. Keti chini na mwanao mapajani, mwenzako afanye vivyo hivyo, mtazamane. Acha watoto waangaliane. Wapo watakaoshuka mapajani baada ya dakika mbili, wapo ambao hawatashuka siku hiyo wala siku ya pili. Usimsukume, usimvute mkono, usimwambie "nenda kacheze, mwenzio huyo". Kutazama nako ni kushiriki; mtoto anasoma mwenzake yukoje.

4. Weka vitu, kaa, nyamaza. Vitu vinne au vitano tu mkekani, vingine weka nyuma yako. Kisha tazama kabla ya kusema. Nitaeleza kitu kimoja kama kinavyotokea, ili ujue unatafuta nini.

   Mtoto wa miezi 20 ana mfuniko wa sufuria na gunzi, anagonga. Mwenzake wa miezi 18 amekaa hatua mbili kutoka pale. Anaacha kopo lake, anatazama mfuniko, anatazama uso wa mwenzake, anarudi kwenye mfuniko. Anasogea kwa makalio. Ananyoosha mkono. Mwenye mfuniko anauvutia kifuani. Wengi wetu hapo tungeshapaza sauti. Subiri. Mkono uliokuwa umenyooshwa unashuka, unagusa mfuniko wa pili uliolala pale pembeni, unaugonga kwa kiganja. Wa kwanza anasikia, anageuka, naye anagonga. Wa pili anagonga tena. Sasa wanapokezana, mmoja akigonga mwingine anangoja kidogo, halafu wanacheka wote wawili.

   Hayo ni mazungumzo. Yamefanyika kwa sababu mifuniko ilikuwa miwili na mtu mzima alitulia. Ukiingilia mapema unawanyima hayo. Ingilia pale tu mkono unapoinuka kupiga, mdomo unapofunguka kuuma, au mmoja anapolia bila kutulia.

5. Mpe maneno ya kutumia. Sema kwa sauti kile anachokiona na anachokitaka, kwa sentensi fupi. "Unautaka mpira. Mwenzio anao. Sema: nipe." "Amelia. Ameumia. Mwambie pole." "Hataki kushikwa nywele. Mshike mkono hivi." Kwa asiyeongea bado, mfundishe ishara: kiganja kilichofunguliwa kwa kuomba, mkono wa kukataa kwa "sitaki". Neno "sitaki" ni muhimu sawa na "nipe". Mtoto anayejua kukataa kwa mdomo hana sababu kubwa ya kukataa kwa meno. Na "pole" mfundishe kwa kuisema wewe kila anapoanguka yeye. Usimbane aitamke kama adhabu.

6. Wakigombania kitu, fuata mpangilio huu. Shuka hadi usawa wa macho yao. Kishike kile kitu kisiendelee kuvutwa, lakini usikichukue. Taja kilichopo: "Wote wawili mnataka kikombe chekundu." Subiri kidogo, maana mara nyingine mmoja huachia mwenyewe. Asipoachia, aliyekuwa nacho kwanza aendelee nacho, na yule mwingine mpe cha aina hiyohiyo ulichokiweka nyuma yako. Kama hakuna cha pili, mwambie "zamu yako inakuja" na ukae naye akingoja, ukimshikia mkono, ukimhesabia. Wa kwanza akikiweka chini, hakikisha yule aliyengoja anakipata kweli. Mtoto akingoja mara tatu asipewe, hatangoja tena, na atakuwa sahihi.

   Usiwageuze wa miaka miwili mashahidi. "Nani kaanza?" haina jibu kwa umri huo.

7. Akiuma au kupiga. Aliyeumizwa kwanza. Mpakate, mbembeleze, osha sehemu kwa maji na sabuni. Ngozi ikiwa imechanika, mpeleke kituo cha afya. Kisha mgeukie aliyeuma, karibu, uso mkavu, sauti ya chini: "Hapana. Kuuma kunaumiza." Maneno hayo yanatosha, hotuba ndefu haimfikii. Muonyeshe cha kufanya badala yake: "Ukitaka, sema nipe." Msogeze kando kidogo ukae naye hadi apoe, halafu arudi.

   Kuuma huwa kwingi kati ya mwaka mmoja na miaka miwili na nusu, na hupungua kadiri maneno yanavyoongezeka. Kupiga na kusukuma nako kuna wakati wake. Watafiti waliofuatilia watoto kwa miaka mingi, akiwemo Richard Tremblay wa Montréal, walikuta kwamba binadamu hupiga zaidi akiwa na miaka miwili hadi minne kuliko umri mwingine wowote, kisha wengi hujifunza kujizuia. Kwa hiyo unapomzuia leo na kesho na keshokutwa bila kuona mabadiliko, kazi inaendelea kufanyika.

8. Wape kazi ndogo ya pamoja. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha jaribio ambalo mtu mzima, akianika nguo, anadondosha kibanio na kushindwa kukifikia. Watoto wengi wa miezi 18 walikifuata, wakakiokota na kumpa, bila kuahidiwa zawadi. Tumia hilo. Siku ya kufua, mmoja ashike kikopo, mwingine atie vibanio. Wabebe beseni tupu wakilishika huku na huku. Wakusanye magunzi mkimaliza. Watoto ambao hawawezi bado kucheza mchezo mmoja wanaweza kabisa kufanya kazi moja, na baadaye utaona wanaigeuza kuwa mchezo.

9. Waingize wakubwa, kwa kiasi. Kaka au dada wa miaka sita hadi tisa anajua kumvuta mdogo mchezoni kuliko sisi. Na yeye mwenyewe anafaidika: Carol Ember, katika utafiti wake wa mwaka 1973 kuhusu wavulana wa Kijaluo magharibi mwa Kenya, alikuta waliozoea kazi za nyumbani kama kuangalia watoto hawakuwa wakorofi kama wenzao wasiofanya kazi hizo. Ila usimwachie mkubwa huyo jukumu la ulinzi ukaenda sokoni. Yeye acheze, wewe ulinde.

10. Maliza wakiwa bado wana furaha. Dakika 20 zikiisha vizuri ni bora kuliko saa moja inayoishia kwa vilio. Wapungiane mkono, waagane. Rudieni mara mbili au tatu kwa wiki, watoto walewale, mahali palepale. Kuzoeana ndiko kunakofanya kazi. Kumpeleka mtoto kila wiki kwa watoto wapya hakufundishi kitu, kunamchosha.

Makosa ninayoyaona sana

Kosa kubwa kuliko yote ni kumnyang'anya mtoto kitu ili kumpa mgeni, huku tukiita hilo kumfundisha ukarimu. Alichojifunza ni kwamba mwenye nguvu huchukua. Ukarimu wa meza ni rahisi zaidi kwake: mpe kipande cha embe au ndizi ampelekee mwenzake, huku chake kikiwa tayari kipo mkononi. Kama kuna mdoli asioweza kuuachia, ufiche kabla wageni hawajafika.

Kumuuma naye "aone uchungu wake". Jambo hili bado linashauriwa na watu wenye heshima zao. Usilifanye. Umri huo anaiga, na wewe umemthibitishia kwamba kuuma kunaruhusiwa kwa aliye mkubwa.

Kumpa jina: mkorofi, mchoyo, mwoga. Anasikia, na wenzake wanasikia.

Kumlazimisha akumbatie au abusu. Salamu afundishwe, shikamoo aiseme, lakini mwili wake asilazimishwe kuutoa.

Kuwasha katuni watoto wakiwa pamoja. Wanageukia kioo na hawatazamani tena. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi kabisa watoto wa chini ya miaka miwili kukalishwa mbele ya kioo, na kwa wa miaka miwili hadi minne ni saa moja kwa siku, au pungufu.

Mambo yakikwama

*Anang'ang'ania mapajani kila mara.* Punguza: mwenzake mmoja tu, na aje kwenu badala ya nyie kwenda kwao. Cheza wewe na yule mgeni, mwanao akiwa mapajani. Wapo watoto wazito kuzoea, na wanachohitaji ni siku nyingi zaidi.

*Anauma kila siku.* Andika kwa wiki moja: saa ngapi, alimuuma nani, kabla yake kulikuwa na nini. Utakuta ni saa ya usingizi, au meno yanatoka, au wamebanana mahali padogo, au ni mtoto mmoja yuleyule anayemnyang'anya. Tibu hicho. Mwenye fizi zinazowasha mpe kitambaa safi chenye unyevu akitafune.

*Yeye ndiye anayenyang'anywa siku zote.* Usimtetee kwa kumrudishia kila kitu. Kaa nyuma yake, msaidie kukishika, na useme naye: "Hapana, naendelea." Mkifanya mara nyingi utamsikia akisema mwenyewe.

*Hakuna watoto karibu.* Wanaoishi ghorofani au ugenini hulalamikia hili. Mtoto mmoja wa binamu au wa rafiki mnayekutana naye kila Jumamosi anatosha. Kliniki, msikitini, kanisani, wapo wazazi wenye shida kama yako.

*Ameacha kucheza tangu mdogo wake azaliwe.* Rudi hatua ya 1 kwa wiki chache, wewe na yeye peke yenu, hata dakika kumi kila siku.

*Mambo yasiyo ya kusubiri.* Mpeleke kliniki kama akifikisha mwaka haitiki jina lake, au hageuki akisikia sauti. Kama akifikisha mwaka na nusu haonyeshi kitu kwa kidole. Kama akifikisha miaka miwili haungi maneno mawili. Au kama, kwa umri wowote, amepoteza alichokuwa anakiweza: alikuwa anapunga mkono, hapungi tena, alikuwa na maneno, yameisha. Omba masikio yapimwe kwanza, maana mtoto asiyesikia vizuri huonekana kama asiyependa watu. Usikubali jibu la "ataongea tu, hata baba yake alichelewa". Andika tarehe ulipoyaona hayo, uende nazo, na video ya dakika moja au mbili akiwa mkekani na wenzake. Chumbani kwa daktari watoto wengi hunywea, na hayo unayoyaona nyumbani hayataonekana pale.